Kompyuta kwa mama mwenye mtoto mgongoni (Sehemu ya 6)

Najua mlikuwa mnasubiri ile ya uji wa mtoto wa miezi sita. Itakuja. Leo naomba nijibu swali ambalo nimeulizwa mara nyingi kuliko hata la uji: "Nesi, nataka kusoma kompyuta nikiwa nyumbani, mtoto bado mdogo. Nianzie wapi?"

Ningeweza kukutajia kozi mbili tatu hapa nikaenda kulala. Ila ningekuwa nimekutupa. Kozi nyingi za kompyuta za kusoma kwa mbali, hata zile zinazoitwa za mwanzo kabisa, hazikutengenezwa na mtu aliyekuwa anakufikiria wewe. Mimi mwenyewe moja ilinishinda. Baadaye nikatengeneza ya kwangu kwa ajili ya akina mama wa hapa Kamanga, na mara ya kwanza nayo nikaiharibu. Kaa vizuri, leo ni ndefu. Kama mtoto ananyonya ndo wakati wake.

Nianze na ile iliyonishinda. Miaka kadhaa nyuma niliomba kujiendeleza kwa njia ya mbali, katika chuo ambacho sitakitaja. Mwanangu wa pili alikuwa na miezi minane. Kati ya masomo ya muhula wa kwanza kulikuwa na utangulizi wa kompyuta, nikasema hili ndo jepesi, nitalimaliza kwanza. Nikatumiwa kijitabu kinene. Kurasa za mwanzo zote ni historia: kompyuta za kizazi cha kwanza, za kizazi cha pili, nani aligundua nini. Halafu mchoro wenye mishale: hiki kioo, hiki kibodi, hiki kipanya. Nilikariri vyote. Ungeniamsha usiku ningekutajia.

Wiki ya tatu zoezi likasema: andika ukurasa mmoja, uhifadhi, uutume. Basi, hilo tu. Nikaazima laptopu ya mwenzangu wa zamu, nikaandika vizuri, nikabonyeza kuhifadhi, nikafunga. Nilipofungua kesho yake, kazi siioni. Haikuwa imepotea, sasa naelewa, ilikuwa imekaa kwenye folda nyingine. Lakini ni saa nne usiku, mtoto ana homa, umeme umekatika, chaji ya laptopu inaelekea ukingoni, na huna wa kumuuliza. Kile kijitabu kilikuwa na kurasa nzima juu ya kompyuta za kizazi cha kwanza, ila hakikuwa na mstari mmoja unaosema: usipoliona faili lako, litafute hapa.

Asubuhi nikapanda kivuko kwenda mjini Mwanza, steshenari. Kijana wa pale aliipata kwa dakika moja, akaituma, nikamlipa. Sikuona hata alibonyeza wapi. Zoezi la pili nikavuka tena. La tatu sikuvuka. Kazini nikasema zamu zimenibana. Mume wangu naye nilimwambia zamu. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Mtu ninayeweza kumzalisha mama usiku wa manane kwa tochi ya simu, nashindwa na faili.

Nikalifungia hilo jambo kabatini, likakaa huko mpaka mwaka juzi.

Mwaka juzi akina mama kama tisa hivi, wengi nawajua kutoka kliniki, waliniomba niwafundishe kompyuta kwa simu. Mmoja anauza dagaa na ni mtunza hazina wa kikoba, daftari limemchosha. Mmoja alimaliza kidato cha nne, akapata mtoto, sasa anatafuta kazi na kila tangazo linasema "maombi yatumwe kwa mtandao." Mwingine ana mapacha. Kwa nini mimi? Kwa sababu wananiona naandika kwenye simu, nadhani. Wengi walikuwa na simu janja, wengine za kuazima kwa mume au kwa dada. Laptopu ilikuwa moja, yangu, ya mtumba, betri mbovu.

Nikafungua grupu. Nikakaa usiku mmoja nikaandaa somo la kwanza. Mnajua nilituma nini? "Kompyuta ni nini? Sehemu kuu za kompyuta." Na mchoro wenye mishale! Yaani kitu kilekile kilichoniua mimi, nikakichukua nikawapa wao. Sijui kwa nini tunafanya hivi. Nadhani mtu akiambiwa "fundisha" anakimbilia kufundisha vile alivyofundishwa, hata kama vilimshinda.

Wakajibu vidole gumba, nane. Nikafurahi. Somo la pili, vidole gumba vitano. Somo la tatu, kimya, na mama wa mapacha akajitoa.

Jumapili nikamfuata ufukweni. Nikamkuta anageuza dagaa kwenye kichanja, pacha mmoja mgongoni, mwingine amekaa kwenye ndoo tupu anachezea maganda. Tukasalimiana, tukaongelea watoto, nikamuuliza mbona umetukimbia. Akasema, bila hasira kabisa: "Nesi, yale ni ya watu waliosoma. Nimeona nisiwachafulie grupu."

Niliondoka pale najisikia vibaya, siwezi kuwaficha. Huyu mama anapiga hesabu ya ndoo za dagaa, nauli ya kivuko na faida ya mjini kichwani, kwa haraka kuliko mimi. Na mimi kwa siku ishirini tu nimemfanya ajione hana akili.

Nyumbani nikamsimulia mama mkwe wangu, mayu. Yeye alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, tayari ana watoto. Akanicheka. Akasema, "Sisi hawakutuanzia na historia ya kalamu." Walianziwa na pamba. Neno "pamba" liliandikwa ubaoni, kitu ambacho kila aliyekaa pale alikilima, kukivuna na kukipima, kisha wakalivunja vipande: pa, mba. Wakaenda hivyo, shamba, mbegu, dawa.

Hii si hadithi ya bibi tu, mama zangu. Mwaka 1968 serikali ikishirikiana na UNESCO ilianzisha hapa Kanda ya Ziwa mradi wa majaribio wa kisomo kwa watu wazima, makao yake Mwanza, ukifika Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo leo tunaiita Kagera. Wazo lao lilikuwa kwamba mtu mzima asome kupitia kazi anayoifanya. Kwa hiyo kulikuwa na vitabu vya kusomea vya wakulima wa pamba, vya wakulima wa migomba, vya wafugaji, vya wavuvi, na vya mambo ya nyumbani. Mvuvi hakusoma kuhusu pamba.

Na miaka michache baadaye, 1973, ikaja Mtu ni Afya. Hii sisi wauguzi tunapaswa kuijua kama tunavyoijua ratiba ya chanjo. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilitumia redio kufundisha nchi nzima habari za malaria, kichocho, kuhara damu. Watu karibu milioni 2 walishiriki. Hiyo ni elimu ya masafa kabla ya intaneti. Ila angalia ilivyopangwa: hukusikiliza redio peke yako. Mlikaa kikundi, pana kiongozi aliyepewa mafunzo, pana kijitabu, mnasikiliza, mnajadili, kisha mnakubaliana cha kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani, kufukia madimbwi. Redio haina masikio, huwezi kuiuliza swali. Kwa hiyo walihakikisha karibu yako kuna mtu mwenye masikio.

Hata Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 mahsusi kwa watu wanaosoma wakiwa mbali, kina vituo mikoani, na Mwanza kimo. Sasa mimi nilikuwa nadhani kusoma kwa mbali maana yake ni kusoma peke yako. Hapo ndipo nilipokosea tangu mwanzo. Yaliyomo kwenye somo ni rahisi kuyapata, yamejaa mtandaoni. Kazi kubwa ya anayeandaa kozi ni kujua mwanafunzi wake atakwama wapi, saa ngapi, na wakati huo nani atakuwa karibu naye.

Basi nikafuta yote nikaanza upya.

Somo la kwanza la mara ya pili halikuwa na neno kompyuta. Niliwaambia kila mmoja abonyeze *150*00#, asitume hela, asome tu. Ile orodha inayokuja, chagua moja, chagua mbili, rudi nyuma, hiyo ni menyu. Ile namba ya siri ni neno la siri. Ile "unathibitisha?" kabla hela haijaondoka ni mashine inakuuliza kama una uhakika, na mashine zote zinauliza hivyo hivyo. Ule ujumbe unaokuja baadaye ni risiti, ni ushahidi kwamba kazi imefika. Mama wa dagaa akatuma ujumbe wa sauti, anacheka: "Kumbe kompyuta naitumia kila siku na nagombana nayo kila siku!" Tukaanzia hapo.

Somo la pili likawa lile lililoniua mimi: kitu ulichohifadhi kimekwenda wapi. Nikawaambia wafikirie kabati letu la kadi kliniki. Kadi ya mtoto haipotei, imewekwa droo isiyo yake. Tukafanya zoezi moja tu wiki nzima: piga picha kadi ya kliniki ya mtoto, ipe jina, iweke kwenye folda yenye jina la mtoto, zima simu, washa, itafute. Halafu nikawaambia waifiche makusudi kwenye folda nyingine, waitafute tena. Hilo la kuficha makusudi ndo lilifanya kazi. Ukishapoteza kitu kwa kupenda na ukakipata, siku kikipotea chenyewe hutetemeki.

Kuna vitu havikufaa. Nilidhani nikiwabadilishia simu ziwe za Kiswahili itakuwa rahisi. Ikawa vurugu. Mtu anaona "Ghairi" anauliza nesi, ghairi ndo nini, nimeghairi nini mimi? Na maelekezo yote wanayokutana nayo nje yako kwa Kiingereza. Tukarudisha, tukajifunza maneno kumi tu ya kwenye vitufe, yanatosha kabisa kuanzia. Video nazo niliziacha, video ya dakika kumi inameza bando la mama. Nikatumia picha na ujumbe wa sauti usiozidi dakika tatu, unaoweza kuusikiliza unamenya ndizi.

Ratiba ilinifundisha mwezi. Namaanisha mwezi wa mbinguni. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi inapumzika. Usiku wa giza ukiisha, kuna dagaa wa kuanika, hakuna mama anayefungua somo. Kwa hiyo masomo mazito nikayaweka siku za mbalamwezi, na siku za giza nikatuma mazoezi madogo tu ya kukumbushia. Kozi gani ya mjini ingejua hilo?

Halafu jedwali. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Ninyi mnajua kusoma mchoro wa uzito kwenye kadi ya mtoto. Mstari ukipanda unafurahi, ukilala unaniangalia usoni kabla sijasema kitu. Basi tukafungua jedwali kwenye simu: safu moja tarehe, safu moja uzito. Tukaiambia itoe uzito wa mwezi huu kwa uzito wa mwezi uliopita. Mama mmoja akaandika mtoto wake ana kilo 72. Alisahau nukta, alitaka 7.2. Jedwali likakubali! Likatoa hesabu kwamba mtoto ameongezeka kilo sitini na kitu ndani ya mwezi mmoja, bila kushangaa. Tukacheka siku mbili.

Ila mimi kama nesi sikucheka sana. Dawa za watoto tunazipiga kwa uzito. Paracetamol ya miligramu 15 kwa kila kilo, mtoto wa kilo 7.2 anapata miligramu 108. Ukiandika 72 inakuwa 1,080, mara kumi nzima. (Msipige hesabu za dawa nyumbani, mleteni mtoto.) Nikawaambia, hili ndo somo kubwa kuliko yote ya kompyuta: inatii, haifikiri. Haimjui mtoto wako. Wewe ndo unamjua, kwa hiyo wewe ndo wa kuiangalia. Tangu siku ile woga ulipungua, nikauona hata kwenye sauti zao. Mtu haogopi kitu ambacho ameshakiona kikifanya ujinga.

Na sasa kukwama. Tuliweka utaratibu wa dakika kumi. Ukikwama dakika kumi kwa saa, acha. Usiendelee kubonyeza bonyeza kwa hasira. Piga picha ya kioo ukitumia simu nyingine, au ile picha ya kioo chenyewe kama umeshajifunza kuipiga, itume, ulale. Asubuhi mtu atakuwa amejibu. Na kila mmoja alikuwa na pacha wa somo, mwenzake anayekaa umbali wa kutembea kwa miguu, siyo rafiki yake wa karibu lazima, bali jirani. Jumapili mchana wanaoweza tunakutana na ile laptopu yangu mbovu.

Jambo moja nalisema taratibu, kwa sababu najua wengi mnatumia simu ya pamoja na baba watoto. Somo la neno la siri lilileta maneno kwenye nyumba mbili. "Unaficha nini?" Sikulitegemea. Nililifundisha kama suala la usalama tu, nikasahau kwamba ndani ya nyumba neno "siri" lina uzito wake. Awamu iliyofuata niliwaita akina baba waje Jumapili ile, tukaanza na namba ya siri ya hela, ambayo kila mwanaume anaielewa mara moja, ndipo tukaenda kwenye mengine. Ilikuwa shwari zaidi. Si kwa wote.

Waliomaliza awamu ile ni watano kati ya tisa. Mmoja alihama, mmoja simu ilianguka ziwani, mmoja sijui.

Mama wa mapacha hakurudi kwenye grupu. Alianza kuja Jumapili, anakaa nyuma, anasema amekuja tu kupumzisha mgongo. Jumapili ya tatu akavuta laptopu kwake akamwonyesha mama wa dagaa kwamba jumla yake ya kikoba haiendani na daftari. Alikuwa sahihi. Fungu la mtu mmoja lilikuwa limeandikwa mara mbili.

Yule wa kidato cha nne aliomba kazi siku ya mwisho ya tangazo, kama tunavyofanya wote. Saa nne usiku mfumo ukamkatalia cheti: faili ni kubwa mno. Mimi nilikuwa zamu, simu iko kabatini. Alipiga picha kioo, akamtumia pacha wake, pacha akaja na kanga kichwani na mwanawe amelala begani. Kumbe alikuwa amepiga picha cheti kwa ukubwa wote wa kamera. Wakapunguza picha, wakaigeuza kuwa faili la PDF, wakapakia. Saa tano na dakika arobaini usiku likapita. Mimi nilikuja kusoma habari yote asubuhi, imeshaisha, hawakunihitaji. Kazi yenyewe bado hajajibiwa, anasubiri.

Kwa hiyo mdogo wangu unayeniuliza uanzie wapi. Kabla hujalipa ada ya kozi yoyote, wapigie uwaulize: wiki ya kwanza nitakuwa nimefanya nini kwa mikono yangu? Masomo yanafunguka kwenye simu hii niliyonayo? Nikikwama saa nne usiku, namuuliza nani, na atanijibu lini? Kuna mahali tunakutana hata mara moja kwa mwezi? Wakianza kukusomea orodha ya mada, uliza tena hilo la saa nne usiku. Na kabla hujaanza tafuta jirani mmoja msome naye, hata kama yeye hajui kitu kama wewe.

Mimi? Nimejiandikisha tena, mwezi uliopita, nikiwa na miaka arobaini na mbili. Kijitabu kimekuja na kizazi cha kwanza cha kompyuta kiko palepale ukurasa wa tatu. Pacha wangu wa somo ni mama wa dagaa. Jana nilikwama, nikamtumia picha ya kioo, akanijibu alfajiri kabla ya mitumbwi kuingia: "Nesi, umeweka droo isiyo yake."

Wiki ijayo narudi kwenye uji, naahidi. Andaeni maswali ya karanga, maana najua yatakuwa mengi.